Bulangeti ya Zawadi

Mimi sipendi fujo. Nisemeni kwa mengine, lakini fujo ya nyumbani hapana. Masista wa Kapolowe walinifundisha kushika ufagio kabla ya kunifundisha kusoma, na mpaka leo nikiona shuka limelala chini damu inanichemka. Kwa hiyo binti yangu Marceline aliponitumia habari kwamba watoto wake wamemshinda, kwamba wamegeuza chumba chao jalala, sikungoja kuitwa mara ya pili. Nilifunga unga wangu na maharagwe, nikapanda lori la makaa, nikashuka Likasi mvua za kwanza zikianza.

Niwaeleze kwanza huyu binti yangu ni mtu wa namna gani. Anakaa kambini Shituru, nyumba ya kampani. Zamani, kampani ilipokuwa bado kampani, wake za wafanyakazi walisoma fwaye, shule yao ya kushona, kupika na kutandika vitanda. Halafu Madame Philomène, asistanti wa kampani, alipita nyumba kwa nyumba kukagua. Hukujua siku yake. Alifunua sufuria, alipitisha kidole juu ya kabati, na hakuondoka bila kuona chumba cha watoto. "Salon kila mutu anafagia," alikuwa anasema. "Unionyeshe pale batoto banalala." Aliyeshinda alipewa zawadi, na mwaka aliozaliwa Dodo, Marceline alishinda. Alipewa bulangeti nzito ya kijivu. Akatarizi jina lake kwenye kona kwa uzi mwekundu, MARCELINE, herufi kubwa za kujidai, akaitandika kwenye kitanda cha Viviane, binti yake mkubwa, ili mgeni akichungulia aione.

Sasa kampani imebaki jina. Mshahara hauji, duka la kampani limefungwa, na Madame Philomène huyo huyo anapita na beseni kichwani akiuza vitumbua. Lakini Marceline bado anaishi kama mtu atakayekaguliwa kesho. Hana chumvi ndani, ila taulo la sahani limepigwa pasi.

Nyumba ya pembeni ilikuwa ya Casimir na mke wake Hélène, watu wa Kasai. Casimir alikuwa kapita, msimamizi kiwandani, na Benoît, mume wa Marceline, alikuwa chini yake. Wanawake hao wawili walisoma fwaye pamoja, na siku za ukaguzi walisaidiana, huyu anafagia kwa yule. Kapinga, binti wa Hélène, na Viviane wetu walikuwa hawaachani hata kwenda chooni. Nilipofika safari hii nilikuta nyumba ile haina mlango, na fremu za madirisha zimeng'olewa. Nilikuwa nimesikia hata kule Kapolowe. Vijana wa chama cha siasa walikuwa wamewafukuza watu wa Kasai mjini, wakawaita wadudu, wakawatoa majumbani mwao. Sasa walikuwa wamelala pale gare wakingoja treni ya kuwapeleka kwenye nchi ya babu zao, ambayo wengi wao hawajaiona hata siku moja.

"Na Hélène mliagana vizuri?" nilimuuliza Marceline.

"Tuliagana, maman. Tulimupatia na unga."

Alisema hivyo akiwa ameinamia sufuria. Nikamwamini, si mtoto wangu?

Benoît ndiye sasa aliyekuwa kapita. Hilo sikumuuliza, maana mkwe wangu simuulizi kitu. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai meza moja wala hawaangaliani usoni. Akiingia salon kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa mlango wa jikoni. Nikiwa na neno naye namtuma mtoto. Ni heshima, na kusema kweli mara nyingi ni raha.

Basi nikalala chumba cha watoto, na hapo ndipo nilipoona mwenyewe. Nimeona mazizi ya mbuzi yenye adabu kuliko chumba kile. Nguo zilikuwa chini, juu ya kitanda, chini ya kitanda, zimejikunja na madaftari na viatu, shuka limezungushwa kama nyoka kwenye mguu wa kitanda. Ukitaka kupita unanyanyua mguu kama kuku kwenye matope. Dodo ana miaka minane, fujo ni haki yake. Lakini Viviane? Viviane ndiye mtoto aliyekuwa akikunja soksi za baba yake bila kuambiwa.

Nilianza kwa upole, najijua. Nikawaambia, wajukuu zangu, leo tunapanga. "Ndiyo, nkambo," akasema Viviane, kwa sauti nzuri kabisa, na hakupanga. Kesho yake nikasema hakuna bukari, ugali wetu, mpaka sakafu ionekane. Wakasukuma vitu vyote upande mmoja, sakafu ikaonekana nusu, wakala. Nikawatisha kwamba Madame Philomène anakuja kukagua. Dodo akaniangalia kwa huruma.

"Madame anauzisha bitumbua, nkambo. Haangalie tena."

Asubuhi moja, Viviane alipokwenda bombani, nilikunja nguo zake zote mwenyewe nikazipanga juu ya kitanda. Nikaenda uani mara moja. Niliporudi nguo zilikuwa zimesambazwa tena, na yeye amesimama katikati, ndoo bado haijatua vizuri.

"Nani amefanya hii?"

"Ni minye, nkambo."

"Juu ya nini?"

"Nilikuwa natafuta kintu."

"Kitu gani?"

Akaitua ndoo. Nilimtukana siku hiyo, nilimwita mvivu, nilimwambia atakosa mume. Alipokea yote akiwa ameangalia vidole vya miguu yake. Mimi niliona ujeuri. Nina macho mazuri ya kuona ujeuri.

Jumamosi nikasema basi, leo tutaonana. Nikatoa kila kitu nje ya chumba, mpaka magodoro, nikafagia, nikapangusa chini na maji, nikafungua dirisha. Watoto walisimama mlangoni wameshikana mikono. Nilidhani wanaona haya, nikafurahi. Kisha nikaanza kurudisha kitu kimoja kimoja, kukunja na kupanga, nguo za Viviane huku, za Dodo huku, mashuka pale.

Hapo ndipo mikono yangu ilipoanza kupunguza mwendo. Fungu la Viviane lilikuwa dogo. La Dodo lilikuwa dogo zaidi. Fujo yote ile iliyokuwa inajaza chumba, ukiikunja, haikujaza hata upande mmoja wa kabati. Nikatafuta tena nje, nikatikisa magodoro. Hakuna.

Na mimi nina sauti, kila mtu Kapolowe anajua. Dirisha lilikuwa wazi.

"Marceline, kuya huku. Tricot ya Dodo iko wapi? Robe ya bluu ya Viviane iko wapi? Shuka ya pili? Na bulangeti ya zawadi yako, Marceline, iko wapi? Batoto bako banauzisha bintu ya nyumba?"

Marceline alikuja mbio na mikono ya unga. Aliangalia yale mafungu mawili yaliyopangwa vizuri, akaangalia kitanda cha Viviane, godoro tupu. Kule salon kiti cha Benoît kilisogea.

"Bulangeti iko wapi?" Marceline aliuliza, polepole.

Viviane aliachia mkono wa mdogo wake. "Iko kwa Kapinga."

"Kapinga gani?"

"Kapinga, mama. Ku gare. Kunanyesha, na beko banalala chini."

"Tricot yangu iko na ndugu yake," akasema Dodo. "Ananipita urefu kidogo, lakini inamutosha."

Nikamuuliza Viviane mbona hakusema. Alinijibu mimi, hakumjibu mama yake.

"Kama chumba iko fujo, nkambo, hamuone kintu yenye inakosa."

Nilikaa juu ya ndoo. Fujo ile yote niliyoipigia kelele ilikuwa ni pazia, na mimi na ufagio wangu nilikuwa nimelivuta mchana kweupe, nikatangaza dirishani. Nilisikia haya, lakini haya ile ilikuwa bado ndogo. Nilidhani nimefichua wizi wa watoto tu.

Kisha Benoît akaja akasimama nyuma ya mlango, upande wa salon, ili tusionane. Niliona viatu vyake tu.

"Dodo," alisema, "uambie nkambo yako, ile bulangeti irudie leo. Jina iko juu yake. Bale vijana banazunguka pale ku gare, banaangalia ni nani anasaidia bale bantu. Bakisoma jina ya mama yako, kazi yangu imeisha, na sisi batatuona namna gani?"

Mtoto akageuka. Nilikuwa nimesikia kila neno, lakini desturi ni desturi, akanirudishia yote kwa sauti yake ndogo, bila kuacha kitu: ile bulangeti irudie, bale bantu, kazi yangu imeisha. Maneno yale kinywani mwa mtoto aliyetoa sweta yake.

"Dodo, umuambie baba yako," nikaanza. "Umuambie nimesikia."

Viatu vikaondoka. Marceline alikuwa ananawa mikono kwenye beseni, na unga ulikuwa umekwisha kutoka zamani, lakini aliendelea kunawa.

"Uende weye, maman," alisema. "Weye hawakujue kule."

"Hélène si rafiki yako? Enda mwenyewe uongee naye vizuri, atakuelewa."

"Maman, nakuomba."

Nikamchukua Viviane anionyeshe njia. Toka Shituru mpaka gare ni mwendo, na mwendo wote nilikuwa na hotuba. Nilimwambia kutoa ni vizuri lakini hutoi cha mwenzio, nilimwambia mama yako amehangaika, ungeomba kwa adabu angekupa. Si aliwapa unga walipokuwa wanaondoka?

Viviane alisimama palepale barabarani.

"Nani alibapatia unga?"

"Mama yako."

"Apana, nkambo."

Akanisimulia, tumesimama, watu wakitupita. Jioni ile vijana walipofika kwenye barabara yao, Hélène alikuja kugonga mlango wa jikoni. Hakuomba kuingia yeye. Aliomba Kapinga na mdogo wake walale ndani usiku mmoja tu. Benoît alizima taa. Kapinga akaita, Viviane, Viviane, fungua, na Viviane alitaka kufungua. "Mama aliniwekea mukono ku kinywa," alisema. "Alikuwa analia, lakini hakutoa mukono. Baligonga mpaka baliacha."

Nilitaka kurudi. Mungu anajua nilitaka kurudi Kapolowe palepale kwa miguu yangu. Lakini nilikuwa nimetumwa, na nikafikiria wajukuu wangu, na wale vijana, na kazi, na bukari inayotoka kwenye kazi hiyo siku mshahara unapokumbuka kuja. Nikaendelea kutembea. Mtu akiwa na haya miguu yake bado inaenda.

Pale gare watu walikuwa kila mahali, kando ya reli, chini ya mabati, chini ya mashuka, chini ya kitu chochote kinachozuia tone la maji. Matope, moshi, watoto wanakohoa. Nilikuwa nimejitayarishia uso wa mtu anayedai chake, na uso wenyewe ulinishinda kuubeba. Viviane alipita katikati ya watu kama anayepita jikoni kwao, anasalimia huyu, anaruka sufuria ya yule.

Hélène alikuwa amefunga plastiki kwenye ukuta wa ghala. Chini ya plastiki ile udongo ulikuwa umefagiwa, alama za ufagio zinaonekana. Sufuria zimegeuzwa na kupangwa, kubwa mpaka ndogo. Robe ya bluu ya Viviane na nguo nyingine zimekunjwa juu ya sanduku, kingo zimelingana. Na katikati, juu ya maboksi yaliyofunguliwa, ilitandikwa bulangeti ya kijivu, pembe zimebanwa chini namna ya fwaye, bila mkunjo hata mmoja. Kona yenye jina ilikuwa imegeuzwa ndani.

"Maman Suzanne," Hélène aliniona, akasimama haraka. "Karibu, maman, karibu. Utusamehe, kuko fujo, hatukujua kama tuko na mugeni."

Fujo. Alisema fujo. Akapangusa sanduku kwa kiganja ili nikae. Casimir alikuwa ameegemea ukuta, amekonda, akaniuliza kama Benoît mzima.

"Iko muzima."

"Basi ni vizuri," akasema, akaangalia chini, kama vile ni yeye mwenye jambo la kuficha.

Nilikaa. Niliongea habari za mvua. Niliongea habari za mahindi ya Kapolowe, kwamba mwaka huu panya wamezidi. Mimi ninayefungua dirisha na kupiga kelele, niliongea habari za panya. Viviane na Kapinga walikuwa wamekaa mgongo kwa mgongo. Hélène alimwangalia Viviane, akaniangalia, akaangalia bulangeti, na hakuniacha niteseke zaidi.

Alipiga magoti. Akachomoa pembe moja moja, akaikunja katikati, akaikunja tena, akaipapasa isiwe na hewa, akaniwekea mikononi. Maboksi yalibaki pale yameloa upande mmoja.

"Upeleke, maman. Jina niligeuza ndani, lakini bale vijana banafunua kila kintu. Sipende Marceline apate mateso juu yetu. Umuambie nilifua na sabuni."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kuiweka chini na kuondoka. Mikono ilikuwa yangu na hakuna aliyenishika. Ilipokea, nikasema asante, na nikaondoka na bulangeti chini ya kitenge changu kama mwizi wa sokoni.

Njia nzima Viviane alitembea mbele yangu. Hakunigeukia.

Marceline alikuwa anangoja jikoni. Aliipokea akaileta puani.

"Alifua," alisema.

"Alifua. Sabuni ameitoa wapi sijui. Aliomba na musamaha juu ya fujo."

"Fujo gani?"

"Hakuna fujo, Marceline. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kuliko chako. Na weye uliniambia uliwapa unga."

Marceline akakaa chini, sakafuni, yeye asiyekaa sakafuni. "Maman, nasikia haya," alisema. "Kila siku nasikia ule mulango unagongwa. Nafagia, nasikia. Na ile mwaka nilipata zawadi, nilikuwa nimetoka kuzaa Dodo, sikuweza kusimama. Ni Hélène alipanga chumba, asubuhi, kabla ya kwenda kupanga kwake. Madame alikuta mi nimelala tu. Sikumwambia kitu."

Nikamwambia basi rudisha. Akasema jina. Nikamwambia jina limeshonwa, si limechongwa. Akachukua wembe, akaanza kufumua, uzi mmoja mmoja kwa woga wa kuchana kitambaa. Alifumua wakati Benoît hayupo, akificha Benoît akirudi. Herufi zile alikuwa amezishona kwa nguvu, mara mbili mbili, hazikutoka upesi. Halafu alingoja mvua ipungue. Halafu alingoja kupata unga kidogo wa kufunga ndani. Nilimwona anavyongoja na nilijua anangoja nini, lakini sikumsukuma, maana mimi ndiye niliyeileta.

Siku aliyopata moyo tulikwenda wote wawili, asubuhi, yeye amebeba bulangeti waziwazi mikononi. Alikuwa ameoga, amevaa kitenge cha misa.

Treni ilikuwa imeondoka alfajiri. Watu wa plastiki za mbele walikuwa bado wapo, wanangoja inayofuata, lakini upande wa ghala ulikuwa mtupu. Mwanamke mmoja alituambia walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, wamesimama, watoto juu ya mabega. Marceline aliuliza mahali pa Hélène palikuwa wapi, na mimi nikamwonyesha. Hakukuwa na haja. Majirani wote walikuwa wameacha takataka, vitambaa na majivu, na pale ukutani palikuwa na mahali pamefagiwa. Alikuwa amefagia kabla ya kupanda.

Marceline alisimama pembeni ya mahali pale. Hakupakanyaga. Nilimshika mkono tukarudi.

Tangu siku hiyo hakuna aliyewaambia watoto wapange chumba. Viviane alipanga. Mashuka yamenyooka, viatu viwili viwili, madaftari kwa ukubwa. Bulangeti aliitandika juu ya kitanda chake na pembe za fwaye, Kapinga alikuwa amemwonyesha, na usiku alitandika kitenge sakafuni akalala pembeni ya kitanda. Dodo naye akashuka chini alale na dada yake. Mimi mzee nililala kwenye kitanda cha Dodo nikiwasikia wanageuka kwenye saruji. Nilimwambia Viviane apande, alisema, "Nitaharibu, nkambo." Marceline alikuja kila asubuhi, akasimama mlangoni, akaangalia chumba alichokuwa anakitaka, na hakuweza kuingia. Mara moja nilimsikia anasema, "Viviane, unaweza kuacha hata nguo moja chini, haina neno." Viviane akajibu, "Apana, mama. Ni safi."

Kisha siku moja mvua ikamkuta Madame Philomène njiani, akajikinga kwetu na beseni lake. Tulimpa kiti. Alikunywa maji, akapumzika, akaangalia huku na huku, na mazoea ni mazoea, akasimama akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha watoto. Alifungua mlango.

"Marceline," aliita. "Kuya. Ningekuwa bado na kazi yangu, ningekupatia zawadi tena. Hii kambi yote, hakuna mutu anapanga vile tena."

Marceline alikuja na kusimama nyuma yake. Maneno ambayo angeyalipia kwa kuku wake wa mwisho, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetukanwa.

"Na bulangeti yangu iko," Madame akasema, anafurahi. Akainama akachomoa kona, akaisogeza karibu na macho. "Jina yako iko wapi? Nakumbuka ulishona jina hapa." Alipitisha kidole juu ya matundu madogo, safu moja, herufi kwa herufi. Bado yalisomeka ukijua kulikuwa na nini.

Viviane alikuwa amekaa sakafuni na daftari lake. "Mama alitoa," alisema, bila kunyanyua kichwa.

"Juu ya nini?"

Niliona Marceline anatafuta uongo. Ninamjua, nilimzaa. Kisha akauacha.

"Haikuwa zawadi yangu, Madame," alisema. "Ile siku mi nilikuwa kitandani na mutoto. Ni Hélène alipanga chumba. Na mwaka huu alikuya kugonga kwangu, na sikumufungulia."

Madame Philomène alirudisha ile kona taratibu chini ya godoro. Labda na yeye alikuwa na mlango wake, sijui, kambi nzima ilikuwa na milango. Alibeba beseni lake akatoka, na mvua haijaisha.

Viviane alikuwa amenyanyua kichwa. Alimwangalia mama yake, mara ya kwanza tangu siku tuliyorudi na bulangeti.

"Matundu itabakia vile?" aliuliza.

Marceline alikwenda akarudi na sindano na ule uzi mwekundu, alikuwa ameuhifadhi kwenye kopo. Akaingia chumbani. Akakaa juu ya kitanda kile, akakivuruga, akaivuta kona mapajani, akaanza kushona jina la Hélène juu ya matundu ya jina lake. Hélène ni jina fupi, matundu mengine yalibaki. Viviane alipanda akakaa pembeni yake kumshikia uzi.

Benoît aliporudi kazini walikuwa bado wanashona. Alikuja akasimama mlangoni, na mimi nikageuka kuangalia ukuta kama inavyonipasa. Nilimsikia anasoma zile herufi moja moja, kwa sauti ya chini. Hakumtuma Dodo kusema neno. Alitoka akaenda kukaa nje, upande ule wa nyumba isiyo na mlango, na chakula chake kikapoa.